Kwa nini potasiamu ni 2:8:8:1 na si 2:8:9?

SUALI

"Assalaam alaykum mwalimu, na shikamoo. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, niko Wete, Pemba. Skuli tumefundishwa kwamba mzingo wa kwanza unachukua elektroni 2, wa pili 8 na wa tatu 18. Potasiamu ni namba 19, basi kwenye mtihani nikaandika 2:8:9. Nikakosa; jibu lilikuwa 2:8:8:1. Nilipouliza sababu nikaambiwa ndivyo ilivyo, nikariri tu. Tena tunaambiwa idadi ya mizingo ndiyo pirodi na namba ya mwisho ndiyo kundi. Mbona heliamu inaishia na 2 na haimo kundi la pili? Mimi naona kama elektroni zinapangwa makusudi ili zilingane na jedwali la elementi. Kipi kilianza, jedwali au elektroni?"

JIBU

Waalaykumu ssalaam, marahaba mwanangu. Umekosa alama, lakini hukukosa akili. Umeichukua kanuni uliyopewa ukaifuata mpaka mwisho wake, na kanuni yenyewe ndiyo iliyokuwa nusu. Nianze na suali lako la mwisho, maana hilo likikaa sawa hayo mengine yanakuwa mepesi.

Jedwali ndilo lililoanza, tena kwa miaka mingi. Mrusi Dmitri Mendeleev alitoa jedwali lake mwaka 1869, wakati elementi zilizojulikana ni 63 tu. Elektroni ikaja kugunduliwa na J. J. Thomson, Cambridge, mwaka 1897. Kwa hiyo miaka 28 nzima watu walikuwa na makundi yao (nguzo za kwenda chini) na pirodi zao (safu za kulala), na elektroni yenyewe bado haijagunduliwa. Mendeleev alitazama mambo mawili: uzito wa atomu, na tabia ya elementi. Tabia maana yake inaungana na nini na kwa kiasi gani. Sodiamu moja inachukua klorini moja, na potasiamu vivyo hivyo. Magnesiamu inachukua mbili, na kalsiamu vivyo hivyo. Akazipanga kwa uzito, na kila tabia iliporudi akaanza safu mpya, zenye tabia moja zikaangukia chini ya mwenzake.

Pale ambapo hakuna elementi iliyofaa aliacha pengo, na akathubutu kueleza kitakachokuja kukaa hapo. Chini ya alumini alisema itakuja metali yenye uzito wa atomu wa kama 68, na itayeyuka kwa joto dogo. Mwaka 1875 Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran akaigundua galiamu. Uzito wake ni 69.7, na inayeyuka kwenye nyuzi 29.8 za Selsiasi. Yaani mchana wa kaskazi hapa Unguja, mwezi wa Februari, kipande cha galiamu ukikiacha mezani utakikuta maji. Ikumbuke galiamu, kwa sababu tutakutana nayo tena tukishafika kwenye elektroni.

Uzito, hata hivyo, ulikuwa na kasoro, na kasoro hiyo inaigusa potasiamu yako moja kwa moja. Gesi ya arigoni iligunduliwa mwaka 1894. Uzito wa atomu yake ni 39.95, wa potasiamu ni 39.10. Kwa kufuata uzito peke yake, potasiamu ingetangulia na ingekaa chini ya neoni, kwenye gesi bwete ambazo ni nadra kuungana na kitu. Potasiamu! Kitu ambacho ukikitupa ndani ya maji kinawaka moto papo hapo. Nayo arigoni, isiyogusana na mtu, ingekaa chini ya sodiamu. Kila mkemia aliona kuwa hapo lazima wabadilishane nafasi, lakini kwa hoja gani? Walibadilishana kwa sababu ya tabia tu, kanuni ya uzito ikafumbiwa macho.

Aliyelitatua ni kijana wa Kiingereza, Henry Moseley, mwaka 1913 na 1914. Alizipiga elementi kwa miale ya elektroni, akapima mionzi ya eksirei inayotoka. Akaona mionzi hiyo inapanda ngazi kwa ngazi, hatua moja kwa kila elementi, na kinachohesabiwa na hizo ngazi ni chaji ya kiini, yaani idadi ya protoni. Klorini ikatoka 17, potasiamu ikatoka 19. Nafasi ya 18 ikabaki wazi kwa arigoni. Uzito ukawekwa kando, na tangu hapo namba ya atomu ndiyo inayopanga jedwali. Moseley mwenyewe aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 27.

Sasa atomu isiyo na chaji ina elektroni sawasawa na protoni zake. Potasiamu ina protoni 19, basi ina elektroni 19. Hapa ndipo elektroni zinapoingia, na ndipo ninapokataa kidogo ile dhana yako kwamba zinapangwa zilingane na jedwali. Ni kweli kwamba mwanafizikia wa Denmark, Niels Bohr, na wenzake, walipokuwa wanatafuta elektroni zimekaaje, walikuwa na jedwali mbele ya macho yao. Lakini mpangilio ungekuwa wa kubandika tu, usingeweza kutabiri kitu kipya, na huu ulitabiri. Mwaka 1922 elementi namba 72 ilikuwa bado haijulikani vizuri, na wapo waliodai ni miongoni mwa metali adimu za lanthanidi. Hesabu ya elektroni ya Bohr ilisema sivyo: lanthanidi zinakwisha kwenye 71, na namba 72 lazima ifanane na zirikoni. Dirk Coster na George de Hevesy, hapo hapo Copenhagen kwa Bohr, wakaitafuta ndani ya madini ya zirikoni, wakaipata. Habari ilitangazwa Januari 1923, na elementi hiyo ndiyo hafiniamu. Kama wangefuata dhana ile nyengine, wangekuwa wanachimbua mahali pasipo kitu.

Basi tuje kwenye 18.

Uliambiwa mzingo wa tatu unachukua 18. Ni kweli. Lakini hiyo ni habari ya uwezo wa mzingo, haikwambii zamu. Walimu wengi hutumia mfano wa safu za msikitini: safu ya mbele haijajaa, hapana anayeanzisha ya nyuma. Mfano huo ni mzuri mpaka elektroni ya 18. Ukifika 19, uache mlangoni pamoja na viatu, kwa sababu elektroni hazijazi mzingo kwa mzingo. Zinajaza kwa nishati: inayofuata inakaa pale penye nishati ndogo kuliko pengine pote palipobaki wazi.

Na mzingo si chumba kimoja kitupu. Una vigawanyo, na vigawanyo hivyo vinaitwa kwa herufi: s, p, d na f. Kigawanyo cha s kinachukua elektroni 2, cha p kinachukua 6, cha d kinachukua 10, cha f kinachukua 14. Mzingo wa kwanza una s peke yake, basi ni 2. Wa pili una s na p: 2 na 6, jumla 8. Wa tatu una s, p na d: 2, 6 na 10, na hapo ndipo inapotoka 18 yako. Wa nne unaongeza f, unafika 32. Kigawanyo tunakitaja kwa namba ya mzingo wake na herufi yake, kwa mfano 3d au 4s.

Chukua potasiamu. Elektroni 18 za mwanzo zinakaa bila ya ugomvi: 2, kisha 8, kisha 8, kwa sababu 3s na 3p zimejaa. Imebaki moja. Inazo njia mbili: iingie 3d, iliyo ndani ya mzingo wa tatu, au iingie 4s, iliyo kwenye mzingo wa nne. Ukiuliza mtu yeyote atasema 3d, kwa kuwa mzingo wa tatu uko karibu zaidi na kiini. Lakini elektroni si kipunje kinachozunguka kwenye duara kama tunavyochora ubaoni. Imetandaa kama wingu, na kila kigawanyo kina umbo lake la wingu. Wingu la s, hata la mzingo wa mbali, lina sehemu ndogo inayopenya hadi jirani kabisa na kiini. Wingu la d halipenyi hivyo. Linakaa nje ya zile elektroni 18, na elektroni hizo, zenye chaji hasi, zinalikinga na mvuto wa kiini. Kwa hiyo elektroni ya 19 ikikaa 4s inaonja mvuto wa protoni 19 kwa ile sehemu iliyopenya, na nishati yake inashuka. Ikikaa 3d inaona takriban chaji ya protoni moja tu, zile 18 zimefichwa. Kwenye potasiamu, 4s iko chini, na elektroni inaingia huko.

Unaweza kusema: hayo ni maneno, nani ameona? Haki yako. Ushahidi ni nishati inayotakiwa kuing'oa elektroni moja moja kutoka kwenye atomu. Kwa potasiamu, ya kwanza inang'oka kwa kilojuli 419 kwa moli. Ya pili inataka 3052. Iangalie hiyo namba vizuri: kutoka elektroni ya kwanza kwenda ya pili gharama imepanda mara saba na zaidi. Kama mpangilio ungekuwa 2:8:9 ulivyoandika wewe, elektroni tisa za mwisho zingekuwa jirani mzingo mmoja, na gharama ingepanda polepole. Kinachoonekana ni elektroni moja iliyo peke yake nje, kisha ukuta. Sodiamu ni vivyo hivyo: 496, halafu 4562. Sasa nenda kwa kalsiamu: 590, kisha 1145, kisha 4912. Mbili rahisi, halafu ukuta. 2:8:8:2. Namba hizi zimepimwa, hazikupangwa na mtu ili jedwali lipendeze, na mimi ningependa mwalimu yeyote anayefundisha mpangilio wa elektroni aziandike ubaoni kabla ya kuchora duara hata moja.

Na ile 9 yako ipo, usidhani imepotea. Baada ya kalsiamu 4s imejaa, na kiini kimeshakuwa na nguvu zaidi, sasa 3d ndiyo inayofuata. Elementi namba 21, skandiamu, ni 2:8:9:2. Umeiona? Mzingo wa tatu unaanza tena kujazwa huku wa nne tayari una watu wake. Kutoka skandiamu hadi zinki ni elementi kumi, na kumi ndiyo nafasi ya kigawanyo cha d. Chuma ni 2:8:14:2. Shaba ni 2:8:18:1, na zinki ni 2:8:18:2. Hapo ndipo mzingo wa tatu unapofika 18 kamili. Kisha elektroni inayofuata inaingia 4p, na elementi yenyewe ni galiamu: 2:8:18:3. Alumini ni 2:8:3. Pengo la Mendeleev chini ya alumini lilikuwa ni pengo la elektroni tatu za nje, yeye mwenyewe bila ya kujua.

Hapa pana kitu ambacho vitabu vingi vinakipita mbio, na kwangu mimi ndicho kiini cha suali lako. Ihesabu mizingo kwa uwezo wake: 2, 8, 18, 32. Sasa lihesabu jedwali, pirodi kwa pirodi, ni elementi ngapi kila safu: 2, 8, 8, 18, 18, 32, 32. Jumla 118, na namba 118, oganesoni, ndiyo inayofunga pirodi ya saba. Orodha hizi mbili si moja! Urefu wa pirodi haufuati uwezo wa mzingo. Pirodi inaanza elektroni inapoingia kwenye s ya mzingo mpya, na inakwisha p ya mzingo huo inapojaa. D na f zinazoingia katikati ni za mizingo ya ndani iliyochelewa. Ndiyo maana ya tatu ina 8 tu: 3s na 3p zimejaa, arigoni imefika, na 3d imeachwa kwa pirodi ya nne. Mwanafunzi akichanganya orodha hizi mbili ataandika 2:8:9, tena kwa kujiamini.

Kwa hiyo kutoka mpangilio hadi anwani kwenye jedwali, kanuni ni hii. Hesabu mizingo, hiyo ni pirodi. Kwa makundi ya pembeni, namba ya mwisho ndiyo elektroni za nje, na ndizo zinazotaja kundi: 1 ni kundi la I, 2 ni kundi la II, 7 ni kundi la VII. Kwenye majedwali ya siku hizi yenye makundi 1 hadi 18, kuanzia elektroni tatu za nje unaongeza kumi, basi klorini, 2:8:7, iko pirodi ya 3, kundi la 17. Kumi hiyo ni zile nguzo za d zilizoingia kati.

Usiitumie kanuni hiyo kwa metali za katikati. Chuma kinaishia na 2 lakini si ndugu wa kalsiamu hata kidogo. D yake iko karibu sana kwa nishati na inashiriki kwenye kazi. Kwa pembeni tu nitaongeza kwamba chuma kikipoteza elektroni kinaanza na zile mbili za 4s, ingawa ndizo zilizotangulia kuingia. Ukishapita kalsiamu, 3d inashuka chini ya 4s, na zilizo nje zinang'oka mwanzo. Kutu la mabati yetu ya pwani ni chuma kilichopoteza elektroni tatu: 2:8:13.

Mtego mwengine, na huu watahini wanaupenda. Ukipewa 2:8 peke yake usikimbilie neoni. Sodiamu iliyopoteza elektroni moja ni 2:8. Magnesiamu iliyopoteza mbili ni 2:8. Florini iliyopata moja ni 2:8. Mpangilio mmoja, elementi nne tafauti, sehemu nne tafauti za jedwali. Anwani ya elementi inatokana na protoni. Elektroni zinaonesha anwani hiyo pale tu atomu inapokuwa haina chaji.

Na jambo hili si la vitabuni tu, umezungukwa nalo. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Katika hizo, klorini ni kama gramu 19, sodiamu karibu 11, magnesiamu 1.3, kalsiamu na potasiamu 0.4 kila moja, ukiacha salfeti na vidogo vidogo. Zitafute kwenye jedwali. Sodiamu na potasiamu ziko kundi la kwanza, magnesiamu na kalsiamu la pili, klorini kule mwisho, hatua moja kabla ya gesi bwete. Kingo mbili za jedwali, katikati karibu patupu. Sasa andika mpangilio wa kila ioni, yaani atomu yenye chaji, humo majini: sodiamu 2:8, magnesiamu 2:8, klorini 2:8:8, potasiamu 2:8:8, kalsiamu 2:8:8. Zote tano zimefika kwenye mpangilio wa neoni au wa arigoni. Elementi za kingoni zina elektroni moja au mbili za kuachia, au nafasi moja ya kujaza. Zikishafanya hivyo zinakuwa na chaji, na vitu vyenye chaji ndivyo maji yanavyovishika na kuvichukua. Wanaovuna chumvi kwenye mabwawa ya jua huko Pemba wanavuna kingo za jedwali.

Mwani nao unakusanya. Ukiuchoma, jivu lake lina potasiamu kwa wingi, na lina iodini. Iodini yenyewe iligunduliwa humo: mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alitia asidi ya salfuriki nyingi kwenye maji ya jivu la mwani, ukatoka mvuke wa zambarau. Namba yake ni 53, mpangilio 2:8:18:18:7. Saba mwishoni, basi ni ndugu wa klorini, na ndiyo hayo madini joto yanayotiwa kwenye chumvi ya mezani.

Ukitaka kuiona elektroni ya mwisho ya sodiamu kwa macho yako, hakuna haja ya maabara. Chungu cha muhogo wa chumvi kikifurika kwenye jiko la gesi, mwako wa buluu unageuka manjano pale maji yalipoangukia. Joto limeirusha ile elektroni moja ya 3s mpaka 3p. Inaporudi chini inatoa nishati iliyoichukua, na nishati hiyo ni mwanga wa manjano wenye urefu wa wimbi wa nanomita 589. Zile kumi za ndani, 2:8, hazikutikisika. Joto la jiko haliziwezi. Potasiamu kwa njia hiyo hiyo inatoa rangi ya urujuani hafifu, ila sodiamu kidogo tu ikichanganyika nayo manjano inaifunika yote, ndiyo maana maabara wanatazama kupitia kioo cha buluu.

Kuhusu heliamu nitakuwa mfupi. Ina elektroni 2, zote 1s, na mzingo wa kwanza hauna p. Umejaa, umekwisha. Kuing'oa elektroni yake moja kunataka kilojuli 2372 kwa moli, zaidi ya elementi nyengine yoyote. Beriliamu, 2:2, nayo inaishia na 2, lakini mzingo wake wa pili una 2p iliyo wazi, na elektroni zake za nje zinashiriki kwenye kuungana. Kwa hiyo namba ya mwisho peke yake haitoshi. Lazima ujue kama mzingo wa nje una nafasi iliyobaki. Kwa tabia, heliamu ni gesi bwete, na imewekwa na wenzake. Wapo wakemia wachache wanaopendelea ikae juu ya beriliamu kwa kufuata s zake mbili; mimi siafiki, kwani kundi ambalo halitwambii elementi inavyofanya kazi lina faida gani? Hidrojeni ndiyo yenye utata wa kweli: 1 mwishoni inaipeleka kundi la kwanza, na haina hata chembe ya umetali kwa hali ya kawaida. Ndiyo maana baadhi ya majedwali yanaiacha ikining'inia peke yake juu.

Kwa mtihani wako: elementi 20 za mwanzo ziandike kwa 2, 8, 8, 2 na hutakosea. Zaidi ya hapo andika kwa vigawanyo, kwa zamu hii: 1s, 2s, 2p, 3s, 3p, 4s, 3d, 4p, 5s, 4d, 5p. Kisha ndipo ukusanye kwa mizingo. Angalia kromiamu na shaba, maana hizo mbili zinaichukua elektroni moja ya 4s na kuipeleka 3d. Kromiamu inakuwa 2:8:13:1, na shaba umeshaiona.

Nakuachia mazoezi matatu: namba 34, namba 37 na namba 50. Toa mpangilio, pirodi na kundi bila ya kulifungua jedwali, halafu ndipo uhakikishe. Kwenye 37 kuwa na tahadhari: mzingo wa tatu utakuwa na 18 yake kamili, na wa nne, wenye uwezo wa 32, utakuwa na 8 tu pale elektroni ya mwisho inapokwenda wa tano.